Ikiharibika Usiku, Nampigia Nani?

Mzee mmoja mwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ghorofa ya kwanza hapa Moi Avenue, aliniuliza swali nikiwa nimepiga magoti chini ya meza yake napuliza vumbi kwenye seva, kompyuta inayohudumia zile nyingine za ofisi. Alitaka kujua leseni ya mfumo ule inalipiwa kiasi gani kwa mwaka. Nikamwambia hailipiwi, ni Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta wa aina ya Linux, na wanaoitengeneza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Akanyamaza kidogo. "Sasa ikiharibika usiku, mwanangu, nampigia nani?"

Nilimjibu kwamba atanipigia mimi, lakini nambari yangu anayo siku zote. Alichokitaka ni mtu wa kubanwa: mwenye ofisi, mkataba na muhuri. Kwenye kazi yake kontena likikwama, gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku, na mteja anayepiga kelele hataki kusikia habari za watu wema wa mtandaoni.

Kazi ya kujitolea yenyewe si ngeni kwa mtu aliyekulia Mombasa. Shughuli ikiwa Kibokoni hakuna anayelipwa kumenya vitunguu. Majirani wanakuja na visu vyao, na pilau ya watu mia tatu inaiva kwa wakati. Ukiitazama kutoka mlangoni utadhani ni vurugu. Ukiingia jikoni utaona kwamba anayetia chumvi ni mmoja tu. Wengine wanaonja na kusema, hawatii.

Debian inakwenda hivyo hivyo tangu Ian Murdock alipoianzisha 1993. Karibu kila kifurushi cha programu kina mtunzaji wake anayejulikana kwa jina. Mwingine akiona kasoro anaripoti hadharani, na ripoti inabaki pale kila mtu aisome. Kifurushi kipya kinaingia kwanza kwenye tawi lisilotulia. Kikikaa siku kadhaa bila hitilafu kubwa kinahamia tawi la majaribio. Kisha kila baada ya miaka 2 hivi milango inafungwa, makosa yanasafishwa, na toleo tulivu linatoka. Toleo la 12, la Juni 2023, lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Wana katiba tangu 1998 na kiongozi wanampigia kura kila mwaka. Vyama vingi vya kukopeshana hapa mjini vingeona haya.

Wanaosema mfumo wenye kampuni nyuma yake ndio wa kutegemewa wana hoja, ila CentOS, mfumo mwingine wa Linux, iliwaharibia. Ilianza 2004 kama kazi ya kujitolea: watu walichukua msimbo huria wa mfumo wa kulipia wa kampuni ya Red Hat wakautoa upya bila malipo. Mwaka 2014 Red Hat yenyewe ikaukumbatia mradi na kuwaajiri baadhi ya vinara wake, nasi tukashusha pumzi kwamba sasa ina mwenyewe. Desemba 2020 huyo mwenyewe akatangaza kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kupata masasisho hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Walioumia ni wale makini waliohamia toleo la 8 mapema. Waliobaki na toleo la 7 kwa uvivu waliendelea kupata masasisho yao mpaka Juni 2024. (Sijui hilo linafundisha nini kuhusu uvivu, na sitaki kujua.) Pengo lilizibwa na Rocky Linux, iliyoanzishwa na Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, na AlmaLinux, ambayo kwa haki ya kusema ilianza kwa fedha za kampuni ya CloudLinux.

Kwa hiyo muhuri haukumlinda mtu. Lakini nisiwasifu wanaojitolea kupita kiasi, maana nakumbuka Ijumaa moja ya Ramadhani, tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba kuna mlango wa siri, wa kumwingiza mtu bila ruhusa, ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila seva ya Linux. Alichoanzia ni kuona kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuiendesha seva kutoka mbali, kunachelewa nusu sekunde. Nilisoma habari hiyo baada ya futari, kahawa mkononi, nikaanza kuingia seva moja baada ya nyingine kuangalia nambari ya toleo. Zilizochafuliwa ni 5.6.0 na 5.6.1. Kwa yule mzee nikakuta 5.4.1. Nikaimaliza kahawa, ilishapoa.

Mlango ule ulipitia kwenye uchovu. xz ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin, asiyelipwa, ambaye 2022 alikuwa ameshaandika wazi kwamba nguvu zimempungua. Mwingine aliyejiita Jia Tan alikuja kumsaidia, akafanya kazi nzuri hadi akapewa funguo. Tukirudi jikoni: mshika chumvi alichoka, hakuna aliyemuuliza hali, na mgeni mchangamfu akapokea kijiko. Wakati huohuo, kilichoiokoa seva ya Moi Avenue ni ule mwendo wa kobe ambao vijana wanaucheka. xz mbovu ilifika matawi ya mwanzo ya Debian; kwenye toleo tulivu haikuwahi kuingia.

Hapo ndipo naona swali la mzee linatugeukia. Kabla nyaya za chini ya bahari hazijatua Mombasa 2009, tulikuwa na kisingizio: kushusha mfumo mzima kulikula usiku kucha, na wengine tuliagiza diski za bure ambazo Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, ilikuwa ikituma kwa posta. Leo nyaya zinaingia Nyali, na sisi bado ni walaji tu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimeripoti kasoro mara 4, moja ikiwa ya makosa ya tahajia.

Lakini simlaumu kijana wa Likoni anayetengeneza kompyuta mchana ili ale jioni. Kujitolea kunahitaji saa zisizo na deni, na baadhi ya hao tunaowaita wa kujitolea wana mishahara ya kampuni zinazowaruhusu kufanya kazi hii. Hata ukitaka kuwa mwanachama kamili wa Debian, kwa kawaida mwanachama aliyepo anakutana nawe ana kwa ana, anaona kitambulisho chako, ndipo anatia sahihi ufunguo wako wa kidijitali. Huyo si mtu wa kumkuta sokoni Marikiti.

Mimi naegemea upande wa seva ya bure, kwa sharti moja ambalo wateja hawalipendi: fedha ambayo ingekwenda kwenye leseni imlipe mtu wa karibu mwenye muda wa kusoma matangazo ya usalama kila wiki. Mwenye kuweka mfumo bila malipo na kuusahau chini ya meza hajaokoa kitu.

Mzee alikubali malipo ya kila mwezi, baada ya kupunguza bei kama kawaida. Nikabandika karatasi ubavuni mwa seva: nambari yangu, nambari ya fundi mwenzangu wa Changamwe, na tarehe ya mwisho ya masasisho, Juni 2028. Akavaa miwani akaisoma, kidole kikasimama kwenye tarehe.

"Na hii, nani kaiahidi?"

Nikamweleza: mpaka Juni 2026 ni timu ya usalama ya Debian, na miaka 2 ya mwisho ni kikundi kinacholipwa kwa michango ya kampuni zinazotumia mfumo huu.

"Kumbe kuna wanaochanga," akasema, akaivua miwani. "Kiasi gani?"