Julian Abele: alifichwa, au ndo kazi ilivyokuwa?

Kuna ubishi hauishi kuhusu Julian Abele, yule msanifu majengo mweusi wa Philadelphia, eti alidhulumiwa jina au sisi wa leo ndo tunakuza mambo. Jamaa alimaliza Chuo Kikuu cha Pennsylvania 1902, mweusi wa kwanza kuhitimu usanifu pale, 1906 akaajiriwa na Horace Trumbauer, mwenye ofisi ya usanifu, na kufika 1909 keshakuwa mchoraji mkuu wa ofisi. Maktaba ya Widener kule Harvard (ile mama alimjengea mwanae aliyekufa na Titanic) na Chuo Kikuu cha Duke na kanisa lake kubwa la mawe, mkono wake upo. Ila jina lililotoka nje lilikuwa la Trumbauer tu.

Wanaomtetea bosi wana hoja, tusiwabeze. Ofisi zilikuwa hivo, mwenye kampuni ndo jina lake linatoka, na wazungu waliochora mle ndani nao leo nani anawajua? Halafu Trumbauer mwenyewe hakusomea usanifu chuoni, akampa kijana mweusi meza kuu wakati kwingine asingepita hata mlangoni.

Sawa, ila mchoraji mzungu akichoka kufichwa anaaga anafungua ofisi yake na matajiri walewale wanamfuata, Abele angeenda wapi? Hapo ndo hoja ya utaratibu inapwaya kwangu. Inasimuliwa alishawahi kusema mistari yote ya Trumbauer, ila vivuli vyote vyangu. Kwa mtu wa michoro hilo si neno dogo, maana kivuli ndo kinaonyesha dirisha limezama kiasi gani na nguzo imetokeza wapi, kitoe uone kama ukuta utasimama kwenye karatasi. Hata chama cha wasanifu cha Marekani Abele kaingia 1942, bosi keshafariki miaka 4.

Na Duke yenyewe ilipokea weusi wa shahada ya kwanza 1963, Abele keshakufa tangu 1950. Sasa 1986 wanafunzi wakajenga vibanda pale chuoni kupinga ubaguzi wa Afrika Kusini, mwenzao mmoja akalalamika vinaharibu mandhari ya chuo. Binti mmoja wa ukoo wa Abele, naye mwanafunzi palepale, akamjibu kwenye gazeti la wanafunzi kwamba hayo mandhari unayoyalilia yamechorwa na babu yetu, na alikuwa mweusi. Wengi ndo siku hiyo wanamsikia.