Je, Katiba ya Marekani ina mkono wa Wahaudenosaunee?

Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha azimio kwamba muungano wa makoloni 13, pamoja na misingi mingi ya Katiba, uliathiriwa na mfumo wa Wahaudenosaunee: shirikisho la Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, ambalo Tuscarora walijiunga nalo baadaye. Wanahistoria wamelumbana sana juu ya dai hilo. Kwangu mimi, wazo la kuungana lina ushahidi. Katiba yenyewe haina.

Mwaka 1744, mjini Lancaster, Canasatego, msemaji wa Onondaga, aliwahimiza wajumbe wa Pennsylvania, Maryland na Virginia waungane kama wazee wake walivyofanya, kwa kuwa umoja ndio uliowapa nguvu na heshima mbele ya majirani. Mkataba ule ulichapwa na Benjamin Franklin, mchapishaji wa Philadelphia aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani. Mwaka 1751 Franklin aliandika kwenye barua kwamba ingekuwa ajabu mataifa sita ya watu aliowaita washenzi wajinga yaweze kuungana, halafu makoloni ya Waingereza yashindwe. Ni tusi, lakini linaonyesha alikuwa akitazama wapi. Mwaka 1754, kwenye mkutano wa makoloni huko Albany, akapeleka mpango wa muungano. Mabunge ya makoloni yakaukataa.

Wapinzani, akiwemo mwanaanthropolojia Elisabeth Tooker, wanasema miundo yenyewe haifanani, na hapo wana hoja. Baraza la machifu 50 halikuamua kwa wingi wa kura. Jambo lilijadiliwa na Mohawk na Seneca, likavushwa ng'ambo ya moto wa baraza kwa Oneida na Cayuga, kisha likafika kwa Onondaga, watunza moto, mpaka wote wakubaliane. Rais hakuwepo. Nao waliotetea Katiba ya 1787 walichambua hadharani miungano ya Wagiriki wa kale na ya Waholanzi. Ila ukimya juu ya Wahaudenosaunee haunishangazi: mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru, jeshi la Marekani lilichoma vijiji vyao zaidi ya 40 kwa amri ya George Washington, aliyekuja kuongoza mkutano wa Katiba.

Linaloniuma zaidi ni lile lililoachwa. Kwa Wahaudenosaunee, akina mama wakuu wa koo ndio waliomteua chifu, na ndio waliomvua cheo akipuuza maonyo. Katiba ya Marekani haikuwahakikishia wanawake kura hadi 1920. Katika karne ya 19, Matilda Joslyn Gage wa New York, mpigania haki za wanawake, aliwatolea mfano akina mama hao waziwazi, kwa jina la taifa lao.