Kaikalia, Siyo Kamkalia

Naam, ni kweli. Ila si hivyo mlivyosoma.

Tangu juzi usiku simu yangu haipumui. Mjomba wa Wete kapiga kuniuliza mbuzi mwenyewe kapona au kachinjwa. Mtu niliyesoma naye skuli, miaka hatujuliani hali, kaniletea sauti ya dakika mbili, na dakika moja na nusu humo ni kicheko kitupu. Yote haya ni kazi ya rafiki yangu mmoja, simtaji, mwenyewe anajijua, aliyeandika kwenye kundi la mtaa: "Jamaa yetu kamkalia mbuzi kwenye maonyesho, mbuzi kaondoka naye mpaka mbele ya wapigaji."

Angeandika "kaikalia mbuzi", kila mtu angefahamu ni mbuzi ya kukunia nazi. Tofauti ni herufi moja tu. Lakini yeye kaitia hiyo M kwa makusudi, na sasa Unguja na Pemba nzima mimi ndiye yule aliyempanda mnyama hadharani.

Haya, kaeni niwaeleze. Kaeni popote, ila tazameni kwanza mnakalia nini.

Jumamosi ulikuwa ufunguzi pale kwenye kituo chetu cha sanaa, huku Ng'ambo, mjini Unguja. Maonyesho ya vyombo vya bibi zetu. Kila nyumba ilileta chake: vinu, kata, pawa, vifumbu vya kuchujia tui, vyetezo vya kufukizia udi, mrashi mmoja wa fedha ambao mwenyewe hakubanduka ubavuni pake toka alasiri, na mikeka ya ukili kutoka Pemba iliyosukwa mpaka unaona haya kuikanyaga. Uani tulikaza kamba tukatundika kanga za zamani. Pembeni, vyungu, na juu ya vyungu picha ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, kwa sababu kabla ya kuwa Siti alikuwa akitoka Fumba kwa miguu kuja kuuza vyungu mjini.

Na mimi sikuwa mgeni. Laiti ningekuwa mgeni! Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuwaeleza watu. Nilihifadhi kama mtoto wa madrasa: Siti, kuzaliwa Fumba 1880, kwenda Bombay kurikodi santuri 1928. Na mimi ndiye niliyekata vikadi, nikaviandika kwa kalamu nene nyekundu, nikavifunga kwa uzi kwenye kila chombo: TAFADHALI USIGUSE. Kalamu yangu, mkono wangu, na ile G yangu ya mkia mrefu ambayo mtaa mzima unaijua.

Kanzu ilikuwa ya shemeji. Yangu ina doa la urojo kifuani ambalo halijasikia sabuni wala dua. Dada akanipa ya mumewe, ile ya sikukuu, akanambia irudi kama ilivyo. Na chini ya kanzu, badala ya kuvaa msuri kama watu wenye wazazi, kwa lile joto nilivaa bukta ya mpira. Ya kijani na manjano. Timu siitaji, ila shemeji ni mtu wa nyekundu. Wekeni bukta hiyo kando, tutaihitaji.

Basi nikasimama kuanzia saa kumi. Nikaeleza chungu, nikaeleza kata, nikaeleza chungu tena kwa mzee mmoja aliyetaka kujua kwa nini hatukuleta cha mama yake. Baada ya magharibi viti vikajaa. Kidumbak wakaanza: dumbak mbili, fidla, cherewa, na yule mpiga sanduku anayevuta ule uzi wake mmoja kama ana ugomvi nao. Miguu yangu ikawa si yangu. Nikatazama kulia, kushoto. Pale pembeni ya vyungu, kwenye giza kidogo, ikaniita mbuzi.

Imetoka Makunduchi, na bibi mmoja kaibeba mwenyewe mapajani kwenye gari. Mbao mbili zimepishana, zinakunjika, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Bibi, kwa kuwa mbuzi yake inakwenda kuonekana na watu, kaipiga tupa siku mbili. Meno yanametameta. Kadi yangu inaning'inia ubavuni.

Nikajiambia, kadi nimeiandika mimi, kwa hiyo mimi hainihusu. Hivyo hivyo, wallahi, ndivyo nilivyojiambia.

Ila nitakaaje, mwanamume mzima na kofia ya kiua, na ule ulimi mbele kama nataka kukuna nazi ya futari? Nikaigeuza. Ulimi nyuma, mimi mbele, kanzu nikaitandaza vizuri nyuma ifunike, mtu akipita aone mheshimiwa kakaa kwenye kigoda. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikapumzika. Raha ile! Kichwa kikaanza kucheza na fidla. Mwimbaji akafika kwenye ubeti wenyewe, ule wa kumpasha mtu, akina mama wakaanza kunyanyuka na noti zao kwenda kutunza. Shangazi yangu yuko mstari wa mbele. Shangazi hasemi jambo mara mbili, wala mara moja hasemi; anakukata jicho tu. Mwimbaji ni mtoto wa jirani yake, nami ndiye mwanamume pekee wa ukoo niliyekuwepo. Nikakatwa jicho.

Nikatoa elfu tano. (Ndiyo, elfu tano, mnacheka nini? Mwezi uko kati.) Nikanyanyuka kwa madaha, mkono juu, noti kati ya vidole viwili.

Sasa hapa nendeni nami taratibu, maana na mimi mwenyewe kila nikifumba macho napita hapo hapo.

Kwanza nilihisi kama mtu ananivuta kanzu kwa adabu. Nikadhani mtoto. Nikasema "ngoja kwanza, mwanangu" bila kugeuka. Nikapiga hatua. Nyuma yangu: klap! Ilikuwa mbuzi inajikunja. Kanzu imenasa kwenye meno, na mbao zimeibana juu yake. Nikapiga hatua ya pili, nikasikia ko. Ya tatu, ko. Mimi nikidhani ni dumbak. Mpiga dumbak naye, Mungu anamwona, kaisikia ile ko akaipenda, akaingia nayo. Sasa nikikanyaga, ko, anajibu, ko-ko. Watu wanapiga makofi. Nikaona kumbe leo nimependeza, nikatia na bega kidogo.

Nilitia bega, jamani. Video ipo.

Katikati ya ua nikamwona yule bibi wa Makunduchi kasimama, mkono mdomoni. Nikamtabasamia. Akaninyooshea kidole nyuma. Nikageuka, na mbuzi ikageuka nami, ikapitia mguu wa nguzo ya kanga. Nikavuta. Kitambaa kikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia, krrraaaa, ndefu, haina haraka, kutoka pindoni mpaka kiunoni, na wapigaji wote wakanyamaza kwa pamoja isipokuwa sanduku. Sanduku ilipiga nne zaidi peke yake. Upepo nikausikia mapajani. Kijani, manjano.

Na mbuzi haikuanguka! Ilibaki inaning'inia kwenye kipande cha kanzu, na ule uzi wa kadi ukawa umejizungusha juu, kadi imetulia sawasawa makalioni pangu, imewaelekea wageni wa heshima. Kwa mwandiko wangu. Kwa ile G.

TAFADHALI USIGUSE.

Hakuna aliyegusa. Watu wazima mia wamekaa, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kunisaidia, wote wanatii kadi. Elfu tano bado iko juu.

Mpaka shangazi alipoinuka, akatungua kanga ya kwanza aliyoifikia kwenye kamba, akanizungushia kiunoni akakaza fundo kama ananinyonga. Nikamshukuru moyoni. Nikatembea kutoka nje na heshima iliyobaki, na kila hatua kicheko kikizidi, sikuelewa kwa nini, nimeshasitirika. Nje ndipo rafiki yangu (huyo huyo) akanionyesha picha. Jina la kanga limekaa pale pale ilipokuwa kadi: NILIJUA MTASEMA.

Mengine hayana urefu. Mtungi mmoja uliondoka mdomo. Bibi wa Makunduchi hakunitazama mimi, aliitazama mbuzi. Akapitisha dole gumba kwenye meno, akatoa nyuzi za kanzu, akasema imekuna nazi za harusi saba na haijawahi kukunjwa namna ile. Nilimwomba radhi, akanipa pole, akacheka mpaka akakaa chini. Mwimbaji alituma mtoto kuja kuchukua elfu tano yake. Dada anajua. Shemeji hajui, yuko Dar mpaka Alkhamisi, na nyinyi nawaombeni, kwa haki ya ujirani, msimtumie.

Leo asubuhi nimepeleka kanzu kwa fundi Darajani. Nimemchagua wa mbali makusudi, mtu hanijui simjui. Nimemwambia imenasa kwenye mlango. Kaitandaza mezani, kauvuta ule mpasuko, kaingiza kidole kwenye tundu moja, jingine, jingine, yamepangika mstari kama ya cherehani. Akashusha miwani.

"Mimi nilivyoambiwa," akasema, "ni pembe. Kumbe meno?"