Megapikseli 48 za uongo

Binti yangu wa miaka tisa alipoomba kamera, kosa nililifanya mimi. Niliingia duka moja katikati ya Kampala nikaangalia boksi badala ya kuangalia picha. Kamera ya waridi, ina masikio ya paka, boksi limeandikwa megapikseli 48, yaani nukta milioni 48 kwa kila picha. "Mama, hii inaishinda hata simu yako," muuzaji akasema. Shilingi 100,000 zikaenda.

Tuliporudi Busia akampiga picha kuku wetu. Nikaifungua kwenye kompyuta ya jirani, nikaikuza: manyoya yamekuwa matope. Zile 48 zilikuwa hesabu ya programu tu. Ndani mna sensa ndogo, kile kijibamba kinachopokea mwanga, inayonasa nukta chache, halafu programu inazizidisha, kama mpishi anayeongeza maji kwenye mchuzi wageni wakizidi. Na picha ya kawaida ya kusafishwa studio, inchi 4 kwa 6, inatosheka na megapikseli mbili na kidogo, mradi ziwe za kweli.

Wako watakaosema mpe simu ya zamani. Kwangu hapana. Simu inakuja na katuni na michezo, na wiki ya pili hakuna anayepiga picha.

Safari iliyofuata nilikwenda kwa wauza kamera za mtumba, nikatoka na Canon PowerShot A480 ya mwaka 2009, megapikseli 10, kwa pesa isiyozidi ile ya paka. Safari hii sikuharakisha. Niliielekeza kwenye bodaboda ng'ambo ya barabara, nikavuta karibu, na namba yake ikasomeka. Hiyo ndiyo zumu ya lenzi yenyewe. Ile ya paka ilikuwa inakata kipande cha katikati na kukipanua tu. Nikapiga picha ukuta mweupe kutafuta madoa ya vumbi. Nikaizima na kuiwasha mara tano huku muuzaji akinikodolea macho, maana lenzi ya kutoka na kuingia ikishakula mchanga hukwama, na gharama ya fundi hukaribia bei ya kamera.

Lakini kilichonifanya nitoe pesa ni betri. Hii inatumia mbili za AA. Kamera nyingi za mtumba zina betri yake maalumu, na hiyo mara nyingi imechoka au imevimba, kupata nyingine ni kuzunguka mji mzima. Ila usitie zile za bei rahisi za redio, zinakufa baada ya picha chache. Nunua nne za kuchaji: mbili ndani ya kamera, mbili kwenye chaji, hata umeme ukikatika mtoto asikulilie.

Kadi nayo ina mambo. Kamera nyingi za kabla ya 2006 hazisomi kadi inayozidi GB 2, na madukani siku hizi wanakuuzia za 32 kwenda juu. Nenda na kadi yako mfukoni, uijaribu pale pale.

Sasa binti yangu anapiga picha malori ya mpakani. Kuna picha moja dereva amelala chini ya trela, kinachoonekana ni miguu miwili na sandali moja iliyopinduka. Nyingine mia na kitu ni vidole vyake mwenyewe. Nimemkataza kuelekeza kamera upande wa ofisi za forodha, askari wa pale hawana utani, na nimeifunga shingoni kwake kwa kipande cha leso yangu kuukuu.