Gesti ya Fogo haiwezi kukopiwa kwa picha

Siku hizi hapa Kisumu kila mtu mwenye ploti karibu na Ziwa Victoria anataka kujenga ile gesti aliiona kwa simu, ile ya Fogo Island, ndefu nyeupe, imesimama kwa miguu myembamba juu ya mawe, vioo kutoka sakafuni mpaka juu na bahari inapiga hapo chini. Fundi anaonyeshwa picha anaulizwa "hii utaweza?" na mnajua fundi wa Kisumu hajawahi kukataa kazi. Mimi hiyo nyumba naipenda sana kusema ukweli, ndio maana vile inakopiwa inanikera.

Fogo ni kisiwa huko Newfoundland, Kanada, kwenye upepo na barafu, na watu wake wameishi kwa kuvua samaki tangu enzi za mababu. 1992 serikali yao ikafunga uvuvi wa samaki aina ya cod kwa sababu walikuwa karibu kuisha, vijana wakazidi kuhama. Sasa kuna huyu mama anaitwa Zita Cobb, mzaliwa wa hapo hapo, alienda akatengeneza pesa zake kwa biashara ya nyaya za faiba, akarudi nyumbani, na gesti ikafunguliwa 2013, vyumba 29 tu. Mchoro ni wa Todd Saunders, naye ni mtoto wa Newfoundland japo ofisi yake iko Norway. Viti, vitanda, yale mablanketi ya viraka, vingi vimetengenezwa na mikono ya watu wa kisiwani, na faida haiendi kwa mfuko wa tajiri fulani, inarudi kwa shirika la jamii linaloitwa Shorefast. Wana hata kikaratasi kama kile kwa pakiti ya unga, kinakuonyesha pesa yako imegawanywa vipi, mishahara ngapi, chakula ngapi, na kiasi gani imebaki kisiwani.

Hiyo sehemu hakuna mtu anakopi. Uliza gesti nyingi hapa kwetu kitanda kimetoka wapi utaambiwa kimekuja kwa kontena, na hapa Kisumu kuna watu wanasuka viti na vikapu vya gugumaji, lile gugu limetusumbua kwa ziwa miaka yote hii, kiti kizuri na imara unakalia bila wasiwasi. Halafu paa ni makuti ya kubebwa kwa lori kutoka Pwani, ati ndio gesti ikae "ya kiasili". Ya kiasili ya nani jameni? Huku watu waliezeka kwa nyasi.

Miguu nayo sina shida nayo, hiyo tukopi kabisa, lakini tujue kwanza iliwekwa ya nini. Wavuvi wa Fogo walijenga vibanda vyao vya samaki juu ya nguzo kwa sababu mwamba haulingani na hakuna mtu wa kuulipua, sasa gesti ikafuata mtindo huo huo na mawe yakabaki na ukungu wake ule unaota juu ya jiwe. Norway kuna ingine inaitwa Juvet, vyumba vimeshikiliwa na vyuma vilivyotobolewa kwa mwamba, baruti haikutumika. Sisi sababu zetu ni zingine na ni kubwa hata kuliko zao. Ziwa halina adabu. Mei 2020 lilipanda mpaka kiwango cha yale mafuriko ya 1964, na 2024 likarudi tena, pale Dunga kuna watu waliingia nyumbani kwao na boti. Ukienda upande wa tambarare za Kano unakutana na udongo mweusi, ule unapasuka kiangazi mpaka mguu unaingia halafu mvua ikija unavimba unasukuma msingi juu. Kwa mahali kama hapo kuinua nyumba ni akili tu, nguzo zishuke mpaka chini ya huo udongo, maji yapite yakitaka, na usikate mafunjo mbele ya gesti eti yanaziba viu, hayo mafunjo ndio yanavunja mawimbi.

Sasa kioo. Hapa ndio naomba mnisikilize. Kule Fogo jua la baridi liko chini na halikai, kwa hivyo wakiweka kioo wanalitafuta, na hicho kioo ni cha tabaka tatu kwa dirisha moja ndio joto lisitoroke, juu ya paa kuna paneli za kuchemsha maji na maji ya mvua yanakusanywa yatumike chooni. Sisi hapa tuko karibu kabisa na ikweta, jua ndio linatutafuta. Na viu ya ziwa kutoka Kisumu iko magharibi, si ndio? Kwa hivyo ule ukuta wa kioo mgeni analipia ndio ule ule jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili linaupiga uso kwa uso. Nimelala kwa chumba cha hivo, mpya kabisa, kioo cha tabaka moja kisichofunguka, kufika saa kumi ni oveni. Pazia nzito zimefungwa, AC inanguruma, stima ikapotea, hiyo ndio ilikuwa "eco lodge" yetu. Kinachouma zaidi ni kwamba saa hizo hizo upepo wa ziwa huwa unavuma vizuri sana kuingia nchi kavu, bure, na kile kioo ndio kimeuzuia mlangoni.

Dawa yake si siri, nyumba za zamani za mjini zinayo: baraza pana upande wa magharibi, madirisha ya kufunguka yenye wavu wa mbu, matundu juu karibu na siling hewa moto itoke, mabati yapakwe rangi nyeupe na yaachiwe nafasi juu ya siling, gata ipeleke maji kwa tangi. Kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini. Najua mwenye gesti atasema wageni wanataka viu kutoka kitandani. Si wakae kwa baraza na soda yao mpaka jua lizame, kwani walikuja kuangalia pazia?