Lavenda yangu ilinuka kafuri

Nilidondosha matone manne ya mafuta ya lavenda, lile ua la zambarau lenye harufu nzuri, kwenye bakuli la maji ya moto, nikaliweka karibu na kitanda, nikausubiri usingizi. Aliyetangulia kufika ni mama. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akauliza, "Mwanangu, humu mnaosha maiti?"

Wala hakukosea. Kilichonuka ni kafuri. Nikaigeuza chupa. Mbele pameandikwa LAVENDA kwa majigambo. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, Lavandula x intermedia. Kumbe ni lavandini, chotara. Lavenda yenyewe, Lavandula angustifolia, hupenda miinuko ya Provence kule Ufaransa, mita 800 kwenda juu, na kafuri yake kwa kawaida haifiki hata asilimia 1. Chotara hukubali hata nyanda za chini, hutoa mafuta mengi zaidi, ndiyo maana bei yake ni rahisi. Kafuri yake yaweza kupita asilimia 6. Yote hukenekwa kwa mvuke, kama makonyo ya karafuu pale Wawi, Pemba, ila mafuta ya lavenda huelea juu ya maji na ya karafuu huzama. Sina ugomvi na chotara. Nagombana na anayeniuzia kwa bei ya lavenda halisi.

Na hadithi za wauzaji hao! Eti mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliungua, akatumbukiza mkono kwenye pipa la lavenda kwa bahati tu, ukapona papo hapo. Mwenyewe aliandika vingine katika kitabu chake cha mwaka 1937, Aromathérapie: mlipuko wa maabara ulimuunguza mwaka 1910, mikono ikaanza kuoza, ndipo akaisuuza kwa lavenda. Hapo bahati iko wapi?

Mimi lavenda naipenda. Tone moja pembeni ya mto wa kulalia linanituliza, na hapo ndipo ninapoishia, siiti dawa. Mtu akinambia anampaka mtoto mafuta hayo hivihivi bila kuyachanganya, nywele zinanisimama. Tone moja au mawili kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya nazi yanamtosha mtu mzima. Chupa iliyokaa wazi miezi mingi usiipake kabisa: hewa huibadilisha linaloli, kemikali ya harufu iliyomo, ikaja kukuwasha ngozi.

Ile ya kafuri nimeihamishia kabati la mashuka. Mama akitaka shuka siku hizi, hunituma mimi.