Sukari Tunayokula Ipimwe Ghalani au Kikombeni?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari huru, yaani inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, yaani takriban gramu 50 kwa anayehitaji kilokalori 2,000. Kigumu ni kujua wakazi wa Dodoma wanakula kiasi gani.

Njia ya kwanza ni hesabu ya ghalani: sukari iliyozalishwa nchini hujumlishwa na iliyoagizwa, ikatolewa iliyouzwa nje na iliyobaki akiba, kisha ikagawanywa kwa idadi ya watu. Ni hesabu nafuu na haitegemei kumbukumbu ya mtu. Hata hivyo, wastani wake humpa mkulima wa mtama wa Chamwino, anayenunua sukari robo kilo kwa robo kilo, fungu sawa na la mtumishi wa ofisi za serikali za Mtumba anayeshushia kila mlo kwa soda.

Njia ya pili ni dodoso, ambapo mdadisi humwomba mtu ataje kila alichokula na kunywa katika saa 24 zilizopita. Hapo tofauti za umri, kipato na makazi huonekana, na hizo ndizo mpanga sera anazozihitaji. Inajulikana kwamba watu hupunguza wanapotaja vitamu, lakini kwa mkoa huu naona tatizo kubwa zaidi ni kwamba sukari nyingi hutiwa na mkono wa mtu mwingine. Muuza juisi ya ubuyu huimimina ndooni kwa kukadiria, akakoroga, akaonja, akaongeza tena ukali ukizidi. Mnywaji atasema kweli kabisa kwamba alikunywa glasi moja, na mdadisi atabaki kukisia gramu. Chai ya maziwa ya mama lishe ni hivyo hivyo, kwani hufika mezani imeshakolezwa.

Wapo wanaopendekeza kupima sukrosi na fruktosi, aina mbili za sukari, katika mkojo wa saa 24. Mkojo hausahau, ni kweli (ingawa sijui nani atakubali kutembea na dumu siku nzima), lakini hautenganishi sukari ya zabibu zilizotafunwa shambani Hombolo, ambayo mwongozo hauihesabu, na ile ya juisi ya zabibu hizo hizo, ambayo unaihesabu.

Kwa hiyo ningechagua dodoso, ila kwa sharti kwamba kabla mdadisi hajabisha hodi, wenzake wawe wamepita na mizani kwa wauzaji, wakapima mfuko wa sukari kabla na baada ya kukoleza, pamoja na lita zilizopatikana. Hesabu ya ghalani ibaki ya kulinganishia: pengo likiwa kubwa kuliko kile kinachoweza kupotea au kuvushwa kwa magendo, wadadisi warudi kuuliza upya.